Bado Haujakaa Sawa: Mashindano ya Watunzi Wachanga wa Tamthilia za Muziki

(MUZIKI: gitaa na ngoma, sekunde kumi na tano, kisha ushuke polepole.)

MTANGAZAJI: Jambo kwako mama unayechagua maharage mlangoni, jambo kwako baba uliyetoka shambani, na jambo sana kwenu vijana wenzangu mliozunguka redio moja chini ya mti. Iwe unatusikia ukiwa Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, Kiziba au Mahama, karibu. Na wewe unayesoma mazungumzo haya kwenye karatasi pamoja na kikundi chako cha wasikilizaji, karibu pia. Soma kwa sauti ili na jirani asikie.

Leo nazungumza na wale wanaotunga. Yule anayeandika nyimbo nyuma ya daftari la hesabu. Yule dada wa korali, au kwaya kama wanavyosema wengine, ambaye kila Krismasi ndiye anayetunga igizo, halafu jina lake halitajwi. Yule kijana wa kaswida anayetafuta sauti ya pili akiwa peke yake njiani kuelekea bombani. Nitawaeleza habari za mashindano ya watunzi wachanga wa tamthilia za muziki: yalianzaje, yanamsaidia nani, na aliyeshindwa anapata nini.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili linanigusa mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, hapa kambini, tulikuwa kikundi cha vijana saba. Tulikuwa tunatunga igizo la nyimbo kuhusu mama wawili waliogombana kwenye foleni ya maji. Kila mmoja anasema dumu lake ndilo lililotangulia. Mwanzo ilikuwa kichekesho, baadaye ikawa si kichekesho tena, maana kila mama anaimba jinsi alivyofika hapa na alichokiacha nyuma. Mpiga gitaa wetu ndiye aliyetunga muziki. Ngoma yetu ilikuwa dumu tupu la lita ishirini. Mimi niliandika maneno. Tulihitaji nyimbo saba. Tano zilikuwa zimekamilika.

Siku moja tukaona tangazo kwenye ubao wa kituo cha vijana. Vikundi vya vijana viliombwa kupeleka maigizo ya nyimbo ya nusu saa: maneno yaliyoandikwa, na nyimbo zilizorekodiwa hata kwa simu. Washindi wangepelekwa kuonyesha kazi yao mjini. Tulikuwa na wiki tatu.

Mpiga gitaa akasema: "Bado. Wimbo wa mwisho haujakaa sawa." Na mimi, badala ya kumpinga, nikakubali haraka. Sikukubali kwa sababu ya wimbo. Niliogopa kuchekwa. Wiki tatu zikapita. Tarehe ikapita. Tukasema tutapeleka mwaka ujao.

Kabla ya mwaka huo kufika, jina la familia yake likatoka kwenye orodha ya safari ya nchi ya tatu. Unajua mwenyewe mambo hayo yanavyokwenda: unasubiri miaka, halafu unaambiwa ujiandae kwa siku chache. Tulimsindikiza hadi kwenye basi asubuhi na mapema. Daftari la nyimbo lilikuwa kwenye begi lake. Likaondoka naye.

Kwa hiyo ninaposema leo habari za mashindano, sisemi kama mtu aliyeshinda. Nasema kama mtu ambaye hakupeleka.

(MUZIKI MFUPI: sekunde tano.)

MTANGAZAJI: Tuanze na neno lenyewe. Tamthilia ya muziki ni igizo ambalo watu hawaongei tu, wanaimba. Hasira inaimbwa, posa inaimbwa, msiba unaimbwa. Ulaya, aina moja ya zamani ya tamthilia hiyo inaitwa opera. Huko opera nzima inaweza kuimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, na okestra inapiga muda wote. Marekani kuna aina nyingine, ambayo watu wanaongea, wanaimba na kucheza. Sisi hatuzijui kwa majina hayo, lakini anayetazama korali ikiigiza habari ya Mwana Mpotevu, huku baba akiimba na mwana akijibu, ameshaona mbegu yake.

Shida ya sanaa hii ni gharama. Mtu akitunga wimbo mmoja, anaweza kuuimba mwenyewe jioni hiyo hiyo. Lakini tamthilia ya muziki inahitaji waimbaji, wapigaji, mavazi, ukumbi, na wiki nyingi za mazoezi. Mwenye ukumbi anauliza: huyu kijana ni nani? Nani anamjua? Kijana anajibu: hakuna anayenijua kwa sababu sijawahi kuonyeshwa. Na mwenye ukumbi anasema: sikuonyeshi kwa sababu hujulikani. Ni kama kazi inayodai uzoefu kabla hujaajiriwa. Mduara huo unajifunga wenyewe.

Mashindano ninayoyazungumzia yaliwekwa ili kuuvunja mduara huo. Twende Italia, miaka zaidi ya mia moja na thelathini iliyopita.

Katika mji wa Milano palikuwa na mchapishaji tajiri, Edoardo Sonzogno. Alikuwa na gazeti kubwa na alichapisha pia vitabu vya muziki. Mwaka 1883 akatangaza mashindano kwa watunzi vijana wa Italia: leteni opera ya tendo moja, yaani fupi, isiyo na mapumziko marefu ya kubadilisha pazia. Zawadi ilikuwa pesa.

Usidhani Sonzogno alifanya hivyo kwa huruma peke yake. Milano hiyo hiyo ilikuwa na mchapishaji mwingine mkubwa, Ricordi, ambaye ndiye aliyechapisha kazi za Giuseppe Verdi, mtunzi aliyekuwa maarufu kuliko wote Italia wakati huo. Sonzogno alitaka watunzi wake mwenyewe. Wakubwa walikuwa wameshachukuliwa, akatafuta wasiojulikana. Nalisema hili mapema kwa makusudi. Anayeandaa mashindano ana haja yake. Haja yake si dhambi, mradi na wewe uijue.

Kati ya waliopeleka kazi mwaka huo alikuwemo kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Alikuwa ametoka tu chuo cha muziki cha Milano, hana pesa, na baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo. Aliandika opera yake mbio mbio ili aiwahi tarehe ya mwisho, siku ya mwisho ya Desemba. Matokeo yakatoka mapema mwaka 1884. Zawadi wakagawana watunzi wawili wengine. Kijana wetu hakupewa hata nafasi ya kutajwa. Wengi husimulia kwamba mwandiko wake ulikuwa mbaya mno, majaji hawakuweza kuusoma.

Jina la kijana huyo ni Giacomo Puccini.

Ukienda leo kwenye jumba lolote kubwa la opera duniani utalikuta jina hilo. Majina ya wale wawili waliomshinda yanajulikana na wachache tu, wasomi wa historia. Sisemi kwamba majaji walikuwa wajinga. Nasema majaji ni watu, wanasoma karatasi iliyo mbele yao, na siku moja haitoshi kumpima mtunzi.

Lakini sikiliza sehemu ambayo watu huiruka. Puccini hakuokolewa na bahati. Aliyemwandikia maneno, mshairi Ferdinando Fontana, hakukubali kazi ife. Wakakusanyika marafiki na wapenda muziki wa Milano nyumbani kwa mmoja wao. Puccini akakaa kwenye kinanda, akapiga na kuimba opera yake mbele yao. Walioisikia wakachanga pesa. Tarehe 31 Mei 1884 opera ile ile iliyoshindwa, Le Villi, ikaonyeshwa katika ukumbi wa Teatro Dal Verme. Watu wakashangilia. Na nani akaja kuinunua? Ricordi, mpinzani wa Sonzogno. Tena akamwomba Puccini aandike nyingine.

Fikiri: bila mashindano, Puccini asingekuwa na opera iliyokamilika mkononi mwezi huo wa Mei. Tarehe ya mwisho ndiyo iliyomlazimisha kumaliza. Alishindwa, lakini alishindwa akiwa na kazi nzima. Sisi na igizo letu la foleni ya maji hatukushindwa. Tulibaki tu na nyimbo tano.

(MUZIKI MFUPI: sekunde tano.)

MTANGAZAJI: Mwaka 1888 Sonzogno akatangaza mashindano tena. Safari hii sharti lilikuwa wazi zaidi: ni kwa watunzi vijana wa Italia ambao bado hawajapata opera yao kuonyeshwa jukwaani. Tendo moja tu. Na opera tatu bora zitaonyeshwa Roma, kwa gharama yake yeye Sonzogno. Zawadi kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa hiyo ya mwisho. Pesa huliwa zikaisha, lakini jukwaa la Roma hukutoa kwenye giza.

Kusini mwa Italia, katika mji mdogo wa Cerignola, aliishi mwalimu wa muziki aliyeitwa Pietro Mascagni. Alizaliwa Livorno mwaka 1863, mtoto wa mwoka mikate. Aliwahi kusoma katika chuo kile kile cha Milano na aliwahi kukaa chumba kimoja na Puccini. Lakini Mascagni aliacha masomo kabla ya kumaliza. Akazunguka na vikundi vya maonyesho akiongoza wapigaji, hadi akachoka na kutulia Cerignola na mke wake, Lina. Pale alifundisha vijana wa mji kupiga ala. Alikuwa na familia ya kulisha na mshahara mdogo.

Mascagni alikuwa na ndoto kubwa kwenye sanduku lake: opera ndefu ya matendo manne, iliyoitwa Guglielmo Ratcliff, ambayo alikuwa ameihangaikia kwa miaka. Haikuwa imekamilika. Aliposikia habari za mashindano ilimbidi aiweke kando ile kubwa, aanze ndogo. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunaikumbatia ile kubwa isiyokwisha na kuidharau ile ndogo ambayo ingekwisha.

Akamwomba rafiki yake wa Livorno, mshairi Giovanni Targioni-Tozzetti, amwandikie maneno. Targioni-Tozzetti akamchukua mwenzake, Guido Menasci, wakaanza kazi. Ila mtunzi yuko kusini, waandishi wako mbali huko Livorno. Hakuna simu. Maneno yalisafiri kwa posta vipande vipande, na inasimuliwa kwamba mengine yalikuja yameandikwa nyuma ya kadi za posta. Mtunzi anapokea beti chache, anazipa muziki, anasubiri nyingine. Walitumia hadithi ya mwandishi Giovanni Verga, ya watu wa kijiji cha Sisilia: kijana aliyerudi kutoka jeshini akakuta mchumba wake ameolewa na mwingine, wivu ukazaliwa, na siku ya Pasaka damu ikamwagika. Si wafalme, si malaika. Ni wanakijiji, mwenye gari la kukokotwa na farasi, na mama muuza mvinyo.

Opera ikaisha. Ikaitwa Cavalleria rusticana. Na hapo, wanasimulia, Mascagni akaingiwa na woga. Akaona haifai. Akafikiria kupeleka tendo moja la ile opera yake kubwa badala yake. Inasemekana Lina, mke wake, ndiye aliyeichukua na kuipeleka posta. Kama ilitokea hivyo hasa au watu wameiongezea chumvi, kila anayetunga anaelewa kwa nini hadithi hiyo inapendwa. Kila mtunzi ana siku yake ya kusema "haujakaa sawa." Heri yule aliye na Lina nyumbani. Mpiga gitaa wetu alikuwa na mimi, na mimi sikwenda posta.

Opera 73 zilifika kwa majaji. Machi 1890 wakachagua tatu: ya Niccola Spinelli, ya Vincenzo Ferroni, na ya Mascagni. Tarehe 17 Mei 1890, katika ukumbi wa Teatro Costanzi mjini Roma, Cavalleria rusticana ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Viti vingi vilikuwa vitupu. Nani angekuja kumwona mwalimu wa Cerignola? Lakini waliokuwepo walisimama. Inaandikwa kwamba Mascagni aliitwa jukwaani mara arobaini kupokea makofi. Akapewa zawadi ya kwanza. Katika muda mfupi opera hiyo ya saa moja na dakika chache ikawa inaimbwa Ulaya yote, na hadi leo inaimbwa.

Na ile kubwa, Guglielmo Ratcliff? Aliimaliza baadaye, ikaonyeshwa Milano mwaka 1895. Ile ndogo ndiyo iliyomfungulia njia ile kubwa.

Kuna jambo moja lisilopendeza ndani ya hadithi hii, na nitalisema, maana redio haiko hapa kupaka sukari. Verga, mwenye hadithi, aliona opera inaingiza mali nyingi huku fungu lake likiwa dogo. Akaenda mahakamani kudai haki yake. Akashinda, akalipwa. Kwa hiyo kijana, ukichukua hadithi ya mtu, hata ya jirani yako wa bloku ya pili, omba ruhusa kwanza na mkubaliane mapema.

(MUZIKI MFUPI: sekunde tano.)

MTANGAZAJI: Sasa tuondoke Italia, tuvuke bahari hadi New York, lakini uzi ni ule ule. Utaona.

Puccini, yule aliyeshindwa mwaka 1884, aliandika opera iitwayo La Bohème. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Turin tarehe 1 Februari 1896. Ni habari za vijana wasanii wanaoishi chumba kimoja cha juu, baridi kali, kodi hawana, mmoja wao anampenda binti mgonjwa wa kifua.

Karibu miaka mia moja baadaye, kijana wa New York, Jonathan Larson, akaichukua hadithi hiyo akaihamishia mtaani kwake, wakati ambapo ukimwi ulikuwa unawamaliza vijana wenzake. Akaiita Rent, maana yake kodi ya nyumba. Larson alikuwa mhudumu wa mgahawa. Kwa takriban miaka kumi alibeba sahani ili apate saa za kutunga.

New York kulikuwa na tuzo iliyoanzishwa mwaka 1978 kwa fedha za mtunzi Richard Rodgers. Rodgers alikuwa ametajirika kwa tamthilia za muziki, akataka fedha zake ziwalipie maonyesho watunzi ambao bado hawajajipatia nafasi. Larson alipata msaada wa tuzo hiyo, kwanza kwa kazi nyingine ambayo haikufika mbali, kisha kwa Rent. Fedha hizo zilisaidia Rent ijaribiwe jukwaani mwaka 1994 katika ukumbi mdogo. Kujaribiwa maana yake hivi: unaona pale watu wanapopiga miayo, unaona pale wanapolia, unarudi nyumbani unafuta na kuandika upya. Ukiwa na daftari peke yake huwezi kuyaona hayo.

Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1996 mshipa mkuu wa damu wa Larson ulipasuka, akafariki nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 35. Watazamaji wa kwanza wa onyesho kamili la Rent walikuwa karibu kabisa kuingia ukumbini. Hakuwaona. Mwaka huo huo igizo lake lilihamia Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho, likapata tuzo ya Pulitzer, na likaendelea kuonyeshwa huko hadi mwaka 2008.

Jamaa na marafiki zake wakafanya nini? Walianzisha mfuko kwa jina lake, wa kuwapa fedha watunzi na waandishi wachanga wa tamthilia za muziki. Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na chama kiitwacho American Theatre Wing. Kila anayepewa anapata muda wa kutunga bila kubeba sahani usiku kucha.

Shika uzi sasa. Kijana anashindwa mashindano Milano. Marafiki wanachanga, kazi inaonyeshwa. Anaandika nyingine. Hiyo nyingine, miaka mia baadaye, inamfikia mhudumu wa mgahawa. Mhudumu anasaidiwa na tuzo. Mhudumu anakufa, na jina lake linakuwa tuzo kwa wengine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua anamfungulia nani mlango.

(MUZIKI MFUPI: sekunde tano.)

MTANGAZAJI: Basi, vijana wenzangu, tuyarudishe haya nyumbani. Mashindano yanakupa vitu vitatu. Yanakupa tarehe, na tarehe inamalizisha kazi. Yanakupa kipimo, kama ile tendo moja ya Sonzogno, na kipimo kinakuzuia kutawanyika. Na yakiwa mazuri, yanakupa jukwaa. Kati ya hivyo vitatu, viwili unaweza kujipa mwenyewe bila kusubiri tangazo lolote.

Nimalizie na ushauri wa mkononi, ambao tumeujifunza kwa kuchelewa.

La kwanza: andika vizuri. Maneno yaandikwe safi, kila mwimbaji na jina lake pembeni. Kama unajua noti za do re mi, ziandike juu ya maneno. Kama hujui, rekodi wimbo kwa simu mahali patulivu, asubuhi kabla ya watoto kuamka. Kumbuka mwandiko wa Puccini.

La pili: weka nakala. Daftari moja ni hatari. Linalowa mvua, linaliwa na panya, linapanda basi. Mpe mwenzako nakala ya pili, au piga picha kila ukurasa.

La tatu: kubalianeni mapema nani katunga nini. Aliyetunga muziki, aliyeandika maneno, aliyetoa hadithi. Andikeni kwenye karatasi, mtie sahihi wote, kabla pesa haijaonekana. Pesa ikishaonekana, urafiki unapata shida.

La nne: soma masharti. Uliza: nikishinda, wimbo unabaki kuwa wa nani? Sonzogno alikuwa na haja yake, na wa leo wanazo zao. Na mtu akikupigia simu akisema umeshinda mashindano ambayo hukuingia, tuma kwanza pesa ya kujiandikisha, kata simu. Mashindano mengine ya kweli yana ada, lakini hayakimbizi mtu. Nenda kwanza kituo cha vijana, uliza wanaojua.

La tano: ukishindwa, fanya kama marafiki wa Puccini. Ukumbi haupatikani? Kaeni chini ya mti. Okestra hakuna? Dumu lipo. Waite watu waje kusikia.

Nami nina la kuwaambia kabla sijaaga. Wiki iliyopita nilimtafuta mpiga gitaa wetu kwa simu. Huko aliko ilikuwa usiku, anatoka kazini. Nikamuuliza: daftari lipo? Akanyamaza kidogo. Akasema lipo, halijafunguliwa tangu afike. Kesho yake akanitumia picha, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa mbili zina alama ya maji, lakini zinasomeka. Nyimbo tano zipo. Ya sita tumeikumbuka kwa pamoja, yeye huko na mimi huku, kwa ujumbe wa sauti, kama wale wa Livorno na Cerignola na kadi zao za posta.

Wimbo wa mwisho bado haujakaa sawa. Safari hii hatuusubiri. Mama wawili wa foleni ya maji wataimba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, kwenye uwanja wa kituo cha vijana hapa kwetu, saa kumi jioni. Hakuna zawadi, hakuna majaji. Tarehe tumejiwekea wenyewe. Mkipiga miayo, tutaona, tutafuta, tutaandika upya. Halafu tangazo likibandikwa tena ubaoni, litatukuta tayari.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
Moja: Katika kambi yenu, nani anatunga na jina lake halitajwi? Mnaweza kumfanyia nini?
Mbili: Ni kazi gani ya kikundi chenu ambayo haijakamilika, na mnaweza kuiwekea tarehe gani?
Tatu: Mkiambiwa mtunge igizo la nyimbo la nusu saa kuhusu jambo moja la hapa kambini, mtachagua lipi?

Jadilianeni, andikeni majibu, mpelekeeni mratibu wa kikundi chenu. Tutasoma machache katika kipindi kijacho.

Mimi nilikuwa mtangazaji wenu. Usiku mwema, na wewe mwenye daftari, usilale nalo limefungwa.

(MUZIKI: dumu na gitaa, hadi mwisho.)